Mkeka Niliokuzungusha Nao

Mwanangu Nasri,

Assalaam alaykum. Desturi ya barua ni kuulizana hali kwanza, lakini hali yako naijua. Jana saa nne za asubuhi ulikuwa mzima, umekaa kwenye baraza ya karakana yangu na wenzako wawili, ukicheka. Mimi nilikuwa ndani, nimeuinamia ubao wa mlango na patasi mkononi. Hukutambua kwamba nimeacha kugonga.

Nimekasirika, Nasri. Nalisema mapema ili usije ukaisoma barua hii ukitafuta mahali ninapokuombea dua. Dua nimekuombea kwenye swala na nitaendelea. Humu nina jambo jingine, nalo limenikaa kooni tangu jana kama mwiba wa samaki.

Wenzako walikuuliza, ukiwa mlezi wa kambi ya watoto kule Ndau, utafanya nini na vikojozi, maana kila kambi haikosi. Nawe ukajibu hivi, nimeyashika neno kwa neno:

"Hao ni rahisi. Mimi babangu alinizungusha na mkeka kichwani, kambi nzima ikiimba. Siku moja tu, nikanyooka. Hawa watoi wa siku hizi wamedekezwa. Wa kwanza akilowesha, namzungusha asubuhi hiyo hiyo."

Wakacheka. Mmoja akasema Mwalimu, yaani mimi, hakuwa na mchezo. Ukamjibu, tena kwa fahari, kwamba mzee wako alikuwa mtu wa haki, hata mwanawe wa kumzaa hakumhurumia.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniumiza. Nilitaka kutoka nje nikuzabe kofi pale pale barazani. Nikakumbuka kwamba kofi mbele ya rafiki zako lingekuwa mkeka mwingine, nikabaki na patasi yangu. Sasa ni baada ya Alasiri, mamako amekutuma Wiyoni ukamuage shangazi yako, na nyumba imenyamaza. Naandika kwa sababu nikikasirika huwa bubu. Mamako husema ndiyo maana milango yangu ina nakshi nyingi kuliko ya mafundi wengine wa Amu.

Ya kazi yako huko Ndau sitakufundisha. Filimbi ya kabla ya Alfajiri unaijua, na foleni kwenye birika la maji ya mvua, kila mtoto na kopo lake moja. Unajua kwamba baada ya uji wanafagia, kisha wanaogelea maji yakiwa ya kiunoni, kisha wanafunzwa kufunga mafundo ya kamba. Maji yakitoka wanapanda mikoko. Vishada ni jioni tu, kwa sababu upepo wa Agosti ukivishika mapema huvichana vyote, na mtoto aliyechaniwa kishada hali chakula. Watoto wa Amu watalia siku ya kwanza. Wa Shela watajitapa kwamba wanajua kuogelea kuliko wote. Wa Ndau watawacheka wote wawili. Bi Rehema wa jikoni atakupakulia wali mara mbili kwa kuwa alikujua ukiwa mdogo. Kambi ikimalizika utapitiliza moja kwa moja bara, kwenye chuo chako cha ualimu, na hapa nyumbani hatutakuona hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo nina nafasi hii moja.

Nikurudishe basi kwenye ile asubuhi unayoisimulia kana kwamba ni zawadi niliyokupa.

Nilikuwa mkuu wa kambi ile kwa miaka mingi. Likizo ya Agosti ikifika naifunga karakana, navaa filimbi shingoni, na fundi seremala anageuka Mwalimu. Watoto hulala kwenye madarasa ya shule, wavulana upande huu, wasichana upande ule, kila mmoja na mkeka wake aliotoka nao kwao. Mkeka huo huo ndio wa kulalia na wa kuswalia. Mtoto akiulowesha umepata najisi, na Ndau maji ya kufulia ni ya kubembeleza. Hizo ndizo zilizokuwa sababu zangu, na nilizisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Kumzungusha kikojozi sikukubuni mimi. Pwani nzima inaijua adhabu hiyo na nyimbo zake, na hata nyanya zetu waliipigia makofi. Nilichofanya mimi ni kuitia kwenye ratiba. Ilikuwa baada ya Qur'ani na kabla ya uji: mkeka kichwani, mizunguko mitatu ya uwanja wa shule, kupita mbele ya madarasa ya wasichana, kupita jikoni, watoto wote wakiimba. Mwaka ule ulipofikisha miaka minane, walikuwa wamekwisha kuzungushwa wanne kabla yako. Mmoja wa Shela alikuwa na kigugumizi, na kuanzia asubuhi ile hakutaka kusema kabisa hadi kambi ilipofungwa. Niliandika kwenye ripoti kwamba amekuwa mtulivu.

Siku ya tano ulikuja ukanisimamia ubavuni nilipokuwa nikipanga viatu vya watoto nje ya msikiti. Ulinivuta kanzu. Ukasema, "Baba, nimelowa."

Hukusema "Mwalimu." Mchana kutwa pale kambini uliniita Mwalimu kama wengine, kwa kuwa niliwaamuru wote. Asubuhi ile ulikuja kwa babako. Nami nikakujibu, "Hapa hakuna baba. Hapa kuna mkuu wa kambi."

Bwana Mselem, mwenyekiti wa kamati ya kambi, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa ametusikia. Alingojea tu, akitaka kuona. Wallahi, Nasri, sikuwa nikikufikiria wewe. Nilikuwa nikimfikiria Bwana Mselem atakavyolisimulia jambo lile barazani akirudi Amu. Niliuchukua mkeka wako kwa mikono yangu, nikaukunja, nikakutwika. Ulikuwa bado unadondoka mkojo, ukakuchuruzikia begani. Ulizunguka mizunguko mitatu. Ukadhani umemaliza, ukaja kusimama mbele yangu. Nikakuambia ongeza wa nne, kwa sababu wewe ni mwanangu na lazima uwe mfano.

Huo wa nne huutaji unapowasimulia wenzako. Sijui umeusahau au unanisitiri.

Ulipomaliza, Bwana Mselem alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema mbele ya walezi wote, "Huyu ndiye mtu wa haki. Mwanawe na mwana wa mtu kwake ni mamoya."

Neno hilo nililila miaka. Lilisemwa kwenye maharusi, likasemwa nje ya msikiti, watu wakaniletea magomvi ya urithi niwaamulie kwa sababu eti sina upendeleo. Kila liliposemwa nilitazama chini kwa unyenyekevu, na ndani nilikuwa nimejaa kama kishada. Ukitaka kujua hasira hii naielekeza kwa nani, anza na mtu yule aliyetazama chini. Mimi nilikuwa na haki gani? Hakimu wa kweli angeuliza kwanza kosa ni lipi. Mtoto wa miaka minane amelala, hajui lililomtoka, kosa liko wapi?

Sasa tuje kwenye kunyooka.

Ni kweli, mkeka wako haukulowa tena. Nilijisifu kwa hilo hadi kwa wavuvi wa Ndau. Siku ya tisa tulikwenda kupanda mikoko, nawe ulianguka kwenye tope na mche mkononi. Nilidhani umeteleza, nikakupigia kelele uinuke. Bi Rehema, aliyekuwa ametuletea mihogo ya kuchemsha, ndiye aliyekimbia. Alikukalisha mapajani mwake papo hapo kwenye tope, akawa anakudondoshea maji mdomoni kwa kijiko. Midomo yako ilikuwa imepasuka. Akaniinulia uso, yule mama asiyepata kunipandishia sauti hata siku moja, akaniambia:

"Mwalimu, mwana huyu hanwi mai. Tangu siku ile hanwi. Uji wake huwapa mbuzi. Wewe wasema amenyoka, na mwana yuwakauka."

Wewe hulikumbuki hili kwa sababu ulikuwa nusu huna fahamu. Unachokumbuka ni kwamba ulirudishwa Amu kwa boti ukiwa na homa. Homa ni neno langu. Nilimwambia daktari jua limekupiga, katika Agosti ya mawingu na upepo, na mamako nikamwambia hivyo hivyo. Alisubiri nilale, akakuuliza wewe. Ukamweleza.

Siku tatu hakunisemesha. Chai aliniwekea, chakula aliniwekea, neno hakuna. Siku ya nne, akikunja nguo, bila kunitazama, alisema, "Mamako alitukua ina la wasiwasi miaka sita kwa ajili yako. Wewe hukuweza kutukua ina la upendeleo hata asubuhi moya."

Hapa lazima nikueleze kuhusu bibi yako, mama yangu aliyelichukua jina hilo, kwa sababu hukuwahi kumwona, na unalolijua juu yake ni mzaha tu. Umesikia watu wakisema marehemu alikuwa na wasiwasi wa twahara: kwamba kila alfajiri alifua mikeka ya nyumba nzima, kwamba hata paka akipita alimwaga maji. Majirani walimcheka. Shangazi zake walimwambia ni ugonjwa, wakamletea mwalimu amsomee. Alikaa akasomewa, kitambaa kichwani, na kesho yake alfajiri akafua tena mikeka mitano.

Tulikuwa wavulana watano chumba kimoja. Mkeka mmoja tu ndio uliokuwa umelowa. Ulikuwa wangu.

Ndiyo, Nasri. Mimi, Mwalimu, nilikojoa hadi nilipofika miaka kumi na miwili. Mama aliamka kabla ya muadhini, akatuinua wote tukiwa na usingizi, akaikusanya mikeka yote akaitia maji, ili asubuhi pasiwe na mkeka wa peke yake ukutani. Kaka zangu walinung'unika miaka yote ile kwamba wanalalia mikeka yenye unyevu kwa sababu ya wazimu wa mama. Mimi nilinung'unika pamoja nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakuwahi kunigeukia akasema, wewe nyamaza. Alikufa na jina lile la wasiwasi, na nilikuwepo msibani watu walipolitaja kwa kicheko kidogo, nikacheka nao. Nilimsimulia mamako peke yake, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu.

Kwa hiyo uliponivuta kanzu ukasema umelowa, hapakuwa na mtu katika kisiwa kile aliyejua zaidi yangu ulikuwa unasema nini. Nilijua ubaridi wake. Nilijua unavyojaribu kulala pale pale ili pakaushwe na joto la mwili. Nilijua, na nikakutwika.

Utaniuliza, je, baada ya hapo nilijifunza? Ningependa kukuandikia ndiyo. Agosti iliyofuata niliwazungusha wengine wawili. Kuacha kungekuwa kama kukiri, na Bwana Mselem alikuwa pale pale na kikombe chake. Mwaka uliofuata nikasema mgongo unaniuma, sitaweza tena kambi. Mgongo wangu mzima hadi leo, unaniona ninavyobeba mbao. Nilitoroka nikaliacha jambo langu nyuma kwenye ratiba, na ratiba hiyo hiyo ndiyo uliyopewa wewe juzi, imepigwa chapa upya.

Unasema ulinyooka. Hukunyooka. Una miaka kumi na tisa na hadi leo hunywi maji baada ya Magharibi. Mamako hukumiminia, nawe hulisogeza kopo kando kwa kidole, taratibu, bila kutazama. Hata Ramadhani, umefunga kutwa, unafuturu kwa tende na mafunda mawili tu. Ukiulizwa husema huna kiu. Mimi nimekaa mbele ya kopo lile miaka kumi na moja nikila wali wangu, na sikupata kusema neno. Kisha jana nakusikia unawaambia watu kwamba nilikufanyia wema.

Hilo ndilo siwezi kulimeza. Ungenichukia, ningejua la kufanya. Chuki ya mtoto mzazi huistahimili. Lakini umenisamehe kwa njia ya ajabu: umechukua uovu wangu ukaupaka rangi, ukauita malezi. Na msamaha wa namna hiyo hauwezi kusimama bila mtoto mwingine wa kuutwika, ili uthibitishe kwamba haukuwa uovu. Siutaki. Usinisamehe kwa shingo ya mtoto wa mtu.

Atakuwepo mmoja. Hakosi. Huenda akaja siku ya pili, huenda ya tano. Hatalia, wenye kulia ni wale waliochaniwa vishada. Atakuwa amekaa juu ya mkeka wake wakati wengine wamekwisha kukunja, au atakuvuta nguo. Atakuchagua wewe kwa sababu utakuwa umemchekea vizuri jana yake, au umemfunga kamba ya kiatu. Na wakati huo huo utahisi kuna mtu nyuma yako anakutazama, mlezi mwenzako au Bwana Mselem mwenyewe, kuona utafanya nini. Mimi yule wa nyuma ndiye niliyemgeukia. Watu wa nyuma hawaishi, na wala hawakumbuki. Nilipokwenda kwa Bwana Mselem leo baada ya Adhuhuri nikamkumbusha asubuhi ile, ilibidi nimweleze mara mbili ni mtoto gani.

Nilimweleza na ya bibi yako. Alicheka, akidhani namtania. Kisha akaona sicheki. Akasema, "Hayo ya kale, Mwalimu, ya nini kuyafukua?" Nikamwambia hayajawa ya kale, yanaondoka kesho asubuhi na boti ya Ndau. Aliahidi kulitazama suala hilo kwenye kikao. Kikao ni baada ya kambi kwisha, basi usimtegemee.

Fua mikeka yote. Kama maji ya birika hayatoshi, bahari ipo, na wavulana watafurahi kulowa. Watanung'unika kwamba wanalalia chumvi na inawawasha. Waache wanung'unike, na yule mmoja akinung'unika kuliko wenzake, usimtazame. Walezi wenzako watasema mtoto wa Mwalimu amerithi wasiwasi wa bibi yake. Wakikuita jina hilo, itika.

Kesho, kabla ya kushuka gatini, utakuja kuniomba radhi, kama kila mtoto anayesafiri anavyowaomba wazazi wake. Nitakupa, nitakuwekea mkono kichwani, na pengine sitasema kitu, unanijua. Lakini radhi leo naiomba mimi. Nilikukosea. Nilikukosea nikijua, nikakuongezea wa nne, nikamdanganya daktari, nikanyamaza miaka kumi na moja. Huna lazima ya kunijibu, wala ya kunijibu upesi.

Na kama haya yote hayakukuingia, kama utaona babako amezeeka na moyo umemlegea, basi ujue na hili. Bi Rehema ana simu, na nimekwisha kuzungumza naye. Asubuhi utakayomtwika mtoto mkeka, nitapanda boti ya kwanza niipatayo. Nitaingia uwanjani pale mbele ya watoto wote, niutoe mkeka ule kichwani pake, niuweke juu ya kofia yangu, na kumwambia yeye akae akanywe uji. Kisha nitazunguka mimi, mbele ya madarasa ya wasichana, mbele ya jikoni, mizunguko minne, miaka hamsini na sita hii, wakiimba. Sitawakataza kuimba. Na wewe utasimama pale na filimbi shingoni, unihesabie.

Babako,
Athmani